Siku ya Tatu Mpe Jembe: Lakini Jembe la Mkimbizi Li Wapi?

Wazee wetu walituachia methali ambayo kila mtoto wa mwambao ameisikia: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu twaitumia methali hii kwa ukali. Mtu huitoa pale anapokuwa amekwisha kumchoka mgeni wake, naye hutaka majirani waelewe kuwa wakati wa kuondoka umefika. Lakini mwenye kuitazama kwa utulivu ataona kuwa wazee hawakusema siku ya tatu mfukuze, wala hawakusema siku ya tatu mwongeze wali. Walisema apewe jembe. Na jembe halilimi hewani. Ampaye mgeni jembe hana budi kumwonyesha na konde la kulima, na kumhakikishia kwamba akishalima hatakuja mtu mwingine akavuna.

Leo nataka tuipeleke methali hii Nairobi, katika mitaa miwili ambayo wengi wetu huku pwani twaijua kwa jina tu, nayo ni Kibera na Kawangware. Huko ndiko wanakofikia wengi wa watu waliokimbia vita katika nchi jirani, wasiotaka au wasioweza kukaa katika kambi za Dadaab na Kakuma. Hoja yangu ni fupi. Mkimbizi afikaye mjini hakosi sana siku ya kwanza wala ya pili, kwa kuwa siku hizo watu humwonea huruma. Anachokosa ni siku ya tatu. Na asipopewa jembe siku hiyo, atabaki mgeni yeye, na watoto wake, na wajukuu zake. Kibera yenyewe ni shahidi wa jambo hili, na ushahidi wake tutausikia.

WAGENI WA KAWANGWARE

Kawangware iko upande wa magharibi wa jiji, karibu na Dagoretti, kunakokwenda basi namba 46. Ni mtaa wa watu wa kipato kidogo: nyumba za mabati zilizobanana, maji ya kununua kwa mtungi, na kodi inayotakiwa kulipwa kabla mtu hajalaza ubavu. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa wamekuwa wakifikia huko watu wa nchi za Maziwa Makuu. Wako Wanyarwanda waliokimbia mauaji ya halaiki ya mwaka 1994. Wako Warundi waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1993. Na wako Wakongo, waliokimbia vita vya 1996 na 1998 na mapigano mengine yaliyofuata katika Kivu na Ituri. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23, na Bukavu ukafuata mwezi wa Februari, watu walianza safari upya, na baadhi yao njia iliwafikisha Nairobi.

Mkimbizi wa namna hii aghalabu hushuka basi akiwa na jina moja la mtu na nambari moja ya simu. Mwenye jina hilo ni mtu wa kwao aliyemtangulia, naye hana nafasi, kwa sababu amepanga chumba kimoja na watoto wanne. Hata hivyo humpokea. Pazia hufungwa katikati ya chumba, uji huongezwa maji, na siku ya Ijumaa au Jumapili msikiti au kanisa hukusanya chochote kilichopatikana. Hizo ndizo siku mbili za methali. Na tuseme kweli bila ya kusitasita: masikini wa Nairobi hufanya ukarimu huu kila siku, na hakuna gazeti linalowapiga picha.

Kisha hufika siku ya tatu. Aliyekimbilia mjini hapewi mgao wa chakula kama apewavyo wa kambini. Hana budi kujitafutia. Mkongo fundi wa cherehani huomba kona ya kibanda ashone vitenge. Mrundi huchukua sinia ya njugu na kahawa akazunguka mitaani. Mama mwenye watoto hufua nguo za watu. Hawa si watu wa kukaa wakinyosha mkono. Nairobi yote inajua ushoni wa Wakongo, na mabibi wengi wakubwa wameuvaa harusini bila kujua nguo ilishonwa katika chumba gani.

Taabu huanza pale askari wa kanjo anapouliza kibali, au polisi anapouliza kitambulisho.

KARATASI NDIYO JEMBE

Zamani jembe lilikuwa chuma na mpini. Katika mji wa leo jembe ni karatasi. Asiye na karatasi hapangi nyumba kwa jina lake, hafungui hesabu benki, hasajili laini ya simu, na kwa hiyo hawezi hata kupokea fedha kwa simu isipokuwa kwa kutumia jina la mtu mwingine. Akidhulumiwa na huyo mwenye jina, aende wapi? Akienda kituoni kushitaki, yeye ndiye atakayeulizwa maswali.

Sheria si mbaya hata kidogo, na ni haki tuisifu inapostahili. Kenya ilitunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 2006, kisha ikatunga nyingine mwaka 2021 iliyoanza kutumika mwaka 2022. Sheria hii mpya yasema waziwazi kwamba mkimbizi aliyetambuliwa aweza kufanya kazi ya ujira au biashara, maadam amepata vibali vinavyotakiwa. Kipo hata kibali cha kazi cha daraja la M kwa ajili ya wakimbizi, nacho hakilipiwi ada. Tena sheria hiyo inamruhusu mkimbizi aliyetoka katika nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuuacha ukimbizi kwa hiari yake na kuishi kwa haki za Jumuiya. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Kwa maneno ya sheria, basi, mshonaji yule wa Kawangware ana milango miwili.

Lakini mlango ulioandikwa katika kitabu si mlango uliofunguliwa. Sheria hiyo hiyo inataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa, na kwa miaka mingi maeneo hayo yalifahamika kuwa ni Dadaab na Kakuma, mbali na soko na mbali na bandari. Anayetaka kukaa Nairobi hana budi kueleza kwa nini. Uandikishaji huchukua muda, kupimwa kwa madai yake huchukua muda, na kitambulisho chenyewe huchukua muda. Katika muda huo wote mtu anakula, watoto wanakua, na kodi haingoji.

Tena serikali yenyewe imekuwa ikibadili nia. Mwezi wa Desemba 2012 ilitolewa amri kwamba wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililoanzishwa mwaka 1973, lilikwenda mahakamani pamoja na wakimbizi wenyewe, na Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaifuta amri hiyo. Hata hivyo mwaka uliofuata, baada ya mashambulizi ya kigaidi, amri nyingine ikatoka, na mwezi wa Aprili 2014 ikafanywa ile operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Waislamu wa pwani wanakumbuka vizuri mwaka ule, kwa kuwa kofia na kanzu vilitosha kumfanya mtu asimamishwe. Mtu aliyelima konde lake miaka kumi, akang'olewa kwa usiku mmoja, je, tumpe jembe la pili akalime kwa moyo gani?

USHAHIDI WA KIBERA

Sasa tuingie Kibera. Watu wengi hudhani Kibera ni mtaa ulioota wenyewe, kama magugu. Hasha. Kibera ilianza kwa wageni walioletwa, na wageni wenyewe walikuwa Waislamu.

Hao ndio Wanubi. Asili yao ni Sudan. Walikuwa askari katika jimbo la Equatoria chini ya Emin Pasha, na baada ya vita vya Mahdi kukata njia ya kurudi kwao, Kapteni Lugard akawaandikisha mwaka 1891 kuwatumikia Waingereza katika Uganda. Kutoka hapo wakawa nguzo ya jeshi la King's African Rifles. Walipostaafu hawakuwa na kwao pa kurudi. Wakubwa wa jeshi wakawakalisha kwenye msitu uliokuwa pembeni ya mji mchanga wa Nairobi, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, nao wakauita kwa lugha yao Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ni ardhi ya jeshi, kiasi cha ekari 4,197.

Wanubi wakajenga, wakapanda mahindi na miti ya matunda, wakasimamisha msikiti pale Makina, wakafundisha watoto wao Kurani. Walioana na watu wa makabila mengine, wakasema Kiswahili na Kinubi chao chenye asili ya Kiarabu. Majina ya mitaa yenyewe yanasimulia: Laini Saba ni kumbukumbu ya mahali askari walipokuwa wakipiga shabaha. Kuna mtaa uitwao Lindi, jina lile lile la mji wa pwani ya kusini ya Tanzania, na uko mtaa uitwao Fort Jesus, kama kwamba Mombasa imehamia bara.

Kwa macho ya mpita njia, watu hawa walipokewa vyema. Walipewa mahali. Lakini mahali hapo hawakupewa kwa karatasi. Walihesabiwa kuwa ni wapangaji wa serikali, wawezao kuondolewa wakati wowote. Hawakuruhusiwa kujenga nyumba za kudumu, wala hawakuandikiwa hati. Baada ya Uhuru mwaka 1963, ardhi ikawa ya serikali mpya. Mashamba yakakatwa kidogo kidogo, mitaa ya nyumba za kupangisha ikajengwa juu yake, watu kutoka kila pembe ya Kenya wakaja kutafuta kazi, na Wanubi wakajikuta wachache katika mji walioufyeka wao. Na kwa kuwa hapakuwa na hati, kila mwenye nyumba alikuwa na shaka na mpangaji wake, na kila mpangaji aliuliza huyu anadai kodi kwa haki gani. Mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi ukawa vita vya mitaani, na damu ikamwagika Kibera baina ya majirani.

Ardhi ilikuwa nusu tu ya msiba. Nusu ya pili ilikuwa kitambulisho. Kijana wa Kinubi, aliyezaliwa Kibera na baba aliyezaliwa Kibera, alipofika umri wa kuchukua kipande aliitwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, akatakiwa aeleze babu yake alitoka wapi. Jambo hili lilifikishwa mbele ya Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, nayo mwaka 2011 ikaamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki zao. Ilipofika mwaka 2017 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi Wanubi hati ya ardhi ya jamii, ekari 288.

Ndugu msomaji, weka hesabu hizo mbili pamoja: 4,197 na 288. Kisha uhesabu miaka baina ya 1918 na 2017. Wanubi hawakuwa wakimbizi kwa maana ya sheria ya leo. Walikuwa askari waliotumikia dola. Ikiwa askari wa dola, waliopigana vita vyake, waliachwa karibu miaka mia bila ya karatasi, mshonaji wa Kikongo atangoja miaka mingapi? Mgeni aliyepewa pa kulala bila ya kupewa haki ya kukaa amekopeshwa usingizi, na siku moja ataamshwa.

Wenzangu wa pwani hawana haja ya kuelezwa zaidi. Waswahili, Waarabu na Wabajuni wengi wamepanga foleni hizo hizo, wakaulizwa vyeti vya babu zao, huku mwenzao wa bara akipita mlango wa mbele. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba uchunguzi wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa sehemu za mipakani ukome. Tunashukuru. Lakini aliyewahi kuulizwa yeye ni nani katika mji wa kwao anapaswa kuwa mtu wa kwanza kuelewa uchungu wa anayeulizwa hivyo ugenini.

WAO NI NANI KWETU?

Atasema mtu: Kawangware ni mbali, na Wakongo hao wengi si Waislamu, yatuhusu nini?

Yatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni lugha. Mkongo wa Goma, Bukavu au Kasongo afikapo Nairobi hahitaji mkalimani. Atasema "batoto" pale tunaposema watoto, na wapo watakaomcheka, lakini ni Kiswahili. Nani alikifikisha huko? Kilifikishwa na misafara iliyotoka mwambao na Unguja katika karne ya 19, na mkubwa wa misafara hiyo katika nchi ya Maniema alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, mtoto wa Unguja. Misafara hiyo ilipeleka lugha yetu, na Uislamu ulio hai Kasongo hadi leo. Vilevile ilileta pembe, na ilileta watu waliofungwa minyororo. Hatuwezi kujifaharisha kwa lugha tukanyamaza juu ya minyororo. Wajukuu wa nchi ile wanapobisha hodi kwa Kiswahili chetu, hao si wageni kabisa; kuna deni la kale baina yetu.

Njia ya pili ni kwamba sisi wenyewe tumekuwa wageni na tumekuwa wenyeji, na tunajua pande zote mbili. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Unguja, jamaa wengi waliteremka Mombasa na kwingineko mwambao wakiwa na nguo za mwilini tu. Mwaka 1991 dola ya Somalia ilipoanguka, Wabarawa walikuja kwa majahazi. Hao ni ndugu zetu wa lugha, kwani Chimwiini chao ni tawi la Kiswahili, na Barawa ndiyo iliyomtoa Sheikh Uways, aliyeeneza Kadiria mpaka Unguja na mrima. Tuliwaona katika kambi za Mombasa, Utange na Swaleh Nguru na nyinginezo. Wakaanza kufanya biashara ndogo ndogo, watoto wakaingia vyuoni, wengine wakaoa na kuolewa. Lakini kabla ya miaka ya 1990 kwisha, kambi hizo zilifungwa. Wapo waliorudi kwao, na wapo waliopelekwa Kakuma, jangwani, watu waliozaliwa wakisikia sauti ya bahari. Tuliwapa siku mbili njema sana. Siku ya tatu hatukuwa na la kuwapa, wala hatukupaza sauti.

Na mwezi wa Januari 2001, baada ya watu kupigwa risasi katika maandamano ya Unguja na Pemba, zaidi ya Wapemba 2,000 walivuka bahari wakashukia Shimoni. Watu wa Shimoni waliwapokea kwa walichokuwa nacho. Wapemba wengine waliotangulia kabla yao, wavuvi waliokaa Kwale na Kilifi miaka na miaka, walisubiri hadi mwaka 2023 ndipo Serikali ya Kenya ikawatambua kuwa ni jamii ya nchi hii. Muda wote huo walivua samaki, tukala samaki wao, na hawakuwa na kipande.

MFANO WA MADINA

Sisi Waislamu tuna mfano ulio mbele yetu kila tunaposoma sira. Uhamiaji wa kwanza katika Uislamu ulikuja upande wetu huu wa dunia: masahaba walivuka bahari kwenda Uhabeshi, na mfalme Najashi, aliyekuwa Mkristo, aliwasikiliza, akakataa kuwarudisha kwa adui zao. Kwanza aliwapa usalama. Hiyo ndiyo karatasi ya zama zile: neno la mtawala kwamba hawa wako katika amani yangu.

Kisha ikaja Hijra ya Madina, mwaka 622. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwakusanya Muhajirina katika uwanja mmoja wakangoja mgao. Aliwaunganisha kwa udugu na Ansari, mtu kwa mtu. Saad bin Rabii alimtaka Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaikataa ile nusu, akaomba aonyeshwe soko. Akaenda sokoni akaanza na samli na jibini, na haukupita muda mrefu akawa mtu wa kuoa na kulipa mahari kwa dhahabu. Na Ansari walipotaka kugawana mitende na wageni wao, Mtume hakukubali wagawane miti. Walikubaliana kwamba Muhajirina washiriki katika kazi, na matunda yawe ya wote.

Tazama hekima iliyomo. Mwenyeji hakunyang'anywa mali, na mgeni hakufanywa ombaomba. Kulikuwa na usalama, kulikuwa na ndugu wa kumshika mkono, kulikuwa na soko, na kulikuwa na kazi. Kawangware leo kuna soko na kuna watu hodari wa kazi. Usalama na ndugu ndivyo vilivyopungua.

HOJA ZA WAPINZANI

Si haki kupita bila kuwasikiliza wenye mawazo tofauti, kwani wanayosema yana uzito.

Wapo wasemao kwamba wenyeji wa Kibera na Kawangware wenyewe wana njaa. Ni kweli. Msaada ukimpita mwenyeji masikini ukamwendea mgeni, utazaa chuki, na chuki hiyo atailipa mgeni. Kwa hiyo kisima kikichimbwa kiwe cha mtaa mzima, na darasa likijengwa liwe la watoto wote. Hata mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 ili kambi za Dadaab na Kakuma zigeuke kuwa miji ya wakimbizi na wenyeji pamoja, umejengwa juu ya wazo hili. Kasoro ni kwamba macho ya mpango huo yameelekezwa zaidi kambini, na wale wa Nairobi wameachwa pembeni.

Wapo wasemao wageni watachukua kazi. Yawezekana fundi mmoja akampunguzia mwingine wateja. Lakini mshonaji hununua uzi, hupanga kibanda, hula kwa mama ntilie wa Kikamba, na hufundisha kijana wa mtaa. Anayeharibu bei ya kazi hasa ni yule asiye na kibali, ambaye tajiri humlipa nusu ujira akijua hawezi kushitaki. Mpe kibali, atadai ujira sawa na mwenzake, na mwenyeji atapona.

Na wapo wasemao usalama. Nchi iliyopigwa Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015 haina budi kuwa na tahadhari. Lakini mtu aliyeandikwa jina, picha na alama za vidole anajulikana alipo. Asiyeandikwa ndiye asiyejulikana. Huko kaskazini ya nchi maelfu ya Wakenya wenye shida walijiandikisha kuwa wakimbizi ili wapate mgao wa chakula, kisha wakashindwa kupata vitambulisho vya nchi yao kwa miaka mingi, kwa kuwa alama za vidole vyao zilikuwa upande mwingine. Ndivyo mambo yanavyovurugika mtu anapolazimika kuchagua baina ya tumbo na jina lake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, serikali iwatimizie watu sheria yake. Yule aliyetimiza masharti apewe kitambulisho na kibali kwa muda uliotangazwa, na ofisi ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi isimzungushe. Mkongo anayetaka kuacha ukimbizi akaishi kama mtu wa Afrika Mashariki aelezwe wazi anapata nini na anapoteza nini, asije akaacha kivuli kimoja kabla hajapewa kingine.

Pili, tusitegemee wafadhili peke yao. Marekani ilipokata misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025, mgao wa chakula ulipunguzwa kambini, na mashirika yaliyokuwa yakiwasaidia wakimbizi wa mjini yakapunguza kazi zao. Mkono wa mbali hutoa leo na kesho ukajikunja.

Tatu, na hili ni letu. Misikiti ya Nairobi, kwa kusaidiana na ya pwani, iweke daftari la wageni. Kila familia ifikayo iunganishwe na familia moja ya mtaani kwa miezi mitatu: kuonyeshwa shule, hospitali, soko, ofisi ya kuandikishwa, na mtu wa kuwadhamini kwa mwenye nyumba. Zaka ina mafungu manane, na mwana wa njia ni mmoja wao, pamoja na fukara, masikini na mwenye kulemewa na deni. Tumezoea kuigawa zaka ya Ramadhani kwa pakiti za unga na mchele, na ni jambo jema. Lakini cherehani moja humlisha mtu miaka, na wanazuoni wetu wanajua kuwa kumtosheleza masikini kwa chombo cha kazi yake si jambo geni katika fikihi. Na asiye Mwislamu asiachwe mlangoni, kwa sababu sadaka ya kawaida haiulizi dini ya mwenye njaa, na Najashi hakuwauliza masahaba dini yao kwa nia ya kuwafukuza.

Nne, wanasheria wetu vijana, nao ni wengi siku hizi, watoe siku moja katika mwezi waende Kibera na Kawangware wakawasomee watu karatasi zao. Wanubi wa Kibera waalikwe kuwa walimu katika kazi hii. Hakuna anayejua kama wao gharama ya kukaa bila hati, na hakuna aliye na haki zaidi ya kumwambia mgeni mpya: usikubali ahadi ya mdomo.

Mwenye kumpa mgeni wali amefanya wema, na Mwenyezi Mungu hataupoteza wema wake. Lakini wali huisha kabla ya alasiri. Wakongo na Warundi wa Kawangware wameshakula wali wetu miaka 30. Sasa yatupasa kuuliza, kila mmoja katika msikiti wake, katika ofisi yake na mbele ya mbunge wake, jembe lao li wapi, na nani amelificha.

Wabillahi tawfiki.